Ukishindwa kuingia kwenye akaunti: tafuta palipokwama kabla ya kugusa nywila

Anayeshindwa kuingia kwenye akaunti yake huilaumu nywila kwanza. Huiandika tena, huirudia kwa haraka mara tatu nne, kisha hubofya "Forgot password?" na kuanza kuibadilisha. Mara nyingi nywila haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye anwani ya barua pepe, kwenye saa ya simu, kwenye kumbukumbu za kivinjari au kwenye seva ya tovuti yenyewe, na kufikia hapo akaunti imeshafungwa kwa muda kwa sababu ya kubahatisha. Tatizo moja limezaa la pili.

Kuingia kwenye akaunti kuna hatua tano zinazofuatana. Lazima ukurasa ufunguke. Tovuti ikutambue kwa jina, namba ya simu au barua pepe. Nywila ilingane. Kama umewasha uthibitisho wa hatua mbili, namba ya pili ikubaliwe. Mwisho, kivinjari kiweke kumbukumbu kwamba umeshaingia, la sivyo ukurasa unaofuata utakuona mgeni. Kila hatua ina dalili zake, na sehemu kubwa ya kazi ni kujua umekwama kwenye ipi. Ndiyo maana tunasisitiza mambo mawili: ukikataliwa mara mbili, acha kujaribu, na ukianza kurekebisha, badilisha kitu kimoja tu kisha ujaribu, ili ujue kilichosaidia.

## Soma ujumbe wa kosa, usiufunge

Piga picha ya skrini kabla ujumbe haujapotea. Maneno yake, hata yakiwa machache, yanaonyesha pa kuanzia.

- "Jina au nywila si sahihi." Ujumbe huu hauthibitishi kwamba nywila ndiyo yenye kosa. Tovuti nyingi huficha makusudi ni kipi kati ya viwili kilichokosewa, ili mwizi asijue kama barua pepe fulani ina akaunti pale.
- "Akaunti haipo" au "barua pepe haijasajiliwa." Achana na nywila kabisa. Umeandika anwani tofauti na ile uliyojisajilia.
- "Umejaribu mara nyingi mno", au namba 429. Umezuiwa kwa muda. Dawa ni kusubiri.
- Namba 403. Seva imeelewa ombi lako lakini imekataa. Shuku VPN (programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva ya mahali pengine), mtandao unaotumia, au akaunti iliyosimamishwa.
- Namba 500, 502, 503 au 504. Tatizo liko upande wa tovuti. Hakuna unachoweza kurekebisha. Rudi baadaye, na usibadilishe nywila wakati seva inasuasua.
- NET::ERR_CERT_DATE_INVALID au onyo lolote linalotaja tarehe ya cheti, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha anwani ya tovuti. Kabla ya yote, tazama saa na tarehe ya kifaa chako.
- Hakuna ujumbe wowote, ila ukurasa wa kuingia unarudi tena ukiwa mtupu. Hapo karibu kila mara ni vidakuzi (kuki), kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huweka kwenye kivinjari, na tutavieleza kwa kirefu hapa chini.

## Majaribio matatu ya kutenganisha chanzo

Haya hayachukui hata dakika tano, na yanakuokoa na saa nzima ya kupapasa.

1. Fungua dirisha fiche la kivinjari (Incognito au Private). Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl+Shift+N ukiwa Chrome au Edge, Ctrl+Shift+P ukiwa Firefox. Kwenye Mac tumia Command badala ya Ctrl, na Safari hutumia Command+Shift+N. Kwenye simu, njia huwa kwenye menyu ya nukta tatu au kitufe cha vichupo. Andika anwani ya tovuti kwa mkono, kisha ingia. Ukifanikiwa, nywila na akaunti ni nzima: mbovu ni vidakuzi vya zamani, faili zilizohifadhiwa, au kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza, extension) ulichoweka kwenye kivinjari.
2. Ikishindikana, badilisha mtandao. Zima Wi-Fi utumie data ya simu, au kinyume chake, na kama una VPN izime. Ikikubali, mtandao wa kwanza ndio uliozuiwa. Hili hutokea sana kwenye Wi-Fi inayotumiwa na watu wengi, kwa kuwa wote huonekana kwa tovuti kama anwani moja, na mmoja akifanya fujo wanaadhibiwa wote.
3. Ikishindikana bado, jaribu kifaa kingine. Kikikubali, tatizo liko kwenye kifaa chako: saa, toleo la kivinjari, au nywila ya zamani inayojijaza yenyewe.

Kikikataa kila mahali, ndipo sasa ni haki kuishuku barua pepe, nywila au akaunti yenyewe.

## Uko kwenye tovuti halisi?

Swali hili linatangulia kuandika chochote, hasa kama ulifika hapo kwa kubofya kiungo kwenye SMS au barua pepe. Ukurasa wa wizi hukubali nywila yako, huonyesha "nywila si sahihi", kisha hukurudisha kwenye tovuti halisi ili usishtuke. Wewe unaona kama ulikosea kuandika, wao wameshaipata.

Soma anwani hivi: tafuta mkwaju wa kwanza unaosimama peke yake baada ya jina la tovuti, kisha soma kutoka hapo kurudi kushoto. Sehemu za mwisho kabla ya mkwaju huo ndizo zinazotaja mwenye tovuti. Kwa mfano, akaunti.example.com/ingia ni mali ya example.com. Lakini example.com.kuingia.example.net/ingia ni ya example.net, hata kama inaanza kwa jina unalolifahamu. Alama ya kufuli haikuhakikishii uaminifu wa mwenye tovuti. Inasema tu kwamba mawasiliano kati yako na ukurasa huo yamefumbwa ili mtu wa kati asiyasome, hata kama mwenye ukurasa ni mwizi.

Kuna dalili moja ambayo watu huipuuza. Programu inayotunza nywila hulinganisha anwani ya tovuti kabla ya kujaza. Kama siku zote hujaza na leo imekaa kimya, usikimbilie kunakili nywila na kuibandika kwa mkono. Soma anwani tena kwanza.

## Jina na barua pepe: kosa lisiloonekana

Kwenye Gmail, nukta zilizo kabla ya @ hazihesabiwi. Barua zilizotumwa kwa jina.lako na jinalako zinaingia kwenye kikasha kimoja. Tovuti nyingine hazijui hilo: kwao hizo ni anwani mbili tofauti. Ukijisajili kwa nukta na kujaribu kuingia bila nukta, unaambiwa akaunti haipo, ingawa barua zao za kila wiki zinakufikia. Fungua mojawapo ya barua hizo, gusa mshale mdogo chini ya jina la mtumaji, na utazame anwani iliyo kwenye sehemu ya mpokeaji. Hiyo ndiyo unayopaswa kuandika, nukta kwa nukta.

Kama una anwani kadhaa, tafuta jina la tovuti kwenye kikasha cha kila moja, na utafute pia maneno ya siku ya kujisajili: "karibu", "thibitisha", "welcome", "verify". Palipo na barua ya kukaribishwa ndipo akaunti ilipo.

Kwenye simu, kibodi hupenda kuanza na herufi kubwa na kuacha nafasi baada ya neno ulilolichagua kwenye mapendekezo. Nafasi hiyo haionekani, na baadhi ya tovuti huihesabu kama herufi. Peleka kishale mwisho wa kisanduku na ufute mara moja. Kama hakuna herufi iliyopotea, ulikuwa unafuta nafasi. Kwa wanaoingia kwa namba ya simu, tazama kama tovuti inataka namba inayoanza na sifuri au yenye alama ya kujumlisha na namba ya nchi. Ukichagua nchi kwenye orodha kisha ukaandika sifuri ya mwanzo, tovuti nyingine huikataa.

Halafu kuna akaunti ambazo hazikuwahi kuwa na nywila. Kama siku ya kujisajili uligusa kitufe cha kuingia kwa Google, Facebook au Apple, tovuti haikukuomba nywila, na kila utakayoandika leo itakataliwa. Rudi kwenye kitufe kilekile. Ukiwa na akaunti mbili za Google kwenye simu, hakikisha unachagua ile uliyoitumia mwanzo, maana ukichagua nyingine tovuti inaweza kukufungulia akaunti mpya, tupu, nawe ukadhani vitu vyako vimefutwa. Waliotumia Apple na kuchagua kuficha barua pepe wana anwani inayoishia na @privaterelay.appleid.com, ambayo hakuna anayeikumbuka. Kwenye iPhone fungua Settings, gusa jina lako, kisha tafuta Sign in with Apple. Tovuti na programu zote ulizoingia kwa njia hiyo zimeorodheshwa hapo.

## Nywila yenyewe

Gusa alama ya jicho uione unapoiandika. Hiyo peke yake humaliza kesi nyingi: Caps Lock imewashwa, Num Lock imezimwa na namba za pembeni haziandiki, au kibodi iko kwenye mpangilio wa lugha nyingine. Kibodi ya Kifaransa imebadilishana A na Q, na Z na W. Ya Uingereza na ya Marekani zimebadilishana mahali pa @ na alama ya kunukuu. Nywila yenye @ iliyoandikwa kwenye kompyuta ngeni inaweza kuwa na alama nyingine kabisa, na kama inaonekana kama vitone vyeusi hutajua.

Wanaohifadhi nywila kwenye programu ya kuandikia maelezo wanakutana na shida yao peke yao. Programu hizo "hurembesha" maandishi: vistari viwili vinageuka kimoja kirefu, alama za kunukuu zilizonyooka zinapinda, herufi ya kwanza inakuwa kubwa. Ukinakili na kubandika, unabandika kitu ambacho si nywila yako. Kunakili pia hubeba nafasi ya mwisho wa mstari. Na kwenye karatasi, herufi ndogo l, herufi kubwa I na namba 1 hufanana, kama zinavyofanana O na 0.

Kama kivinjari kinajaza nywila chenyewe, huenda kinajaza ya zamani. Futa kisanduku chote, uandike kwa mkono. Kwa Chrome, nywila zilizohifadhiwa ziko passwords.google.com au kwenye mipangilio ya kivinjari. Ukiona tovuti moja ina maingizo mawili, ondoa lililopitwa na wakati, lakini baada ya kuhakikisha kwamba lile jingine linafanya kazi.

Kuna kosa moja la watengeneza tovuti linalowasumbua hasa wenye nywila ndefu. Fomu ya kujisajili inakata nywila kimyakimya ikifika urefu fulani, tuseme herufi 20, lakini fomu ya kuingia haikati. Uliandika herufi 28, zikahifadhiwa 20, na sasa 28 hazilingani. Kama nywila ilikataliwa mara tu baada ya kuitengeneza, na una hakika nayo, badilisha kwa fupi kidogo yenye herufi 16 bila alama za ajabu, ujaribu tena.

## Ukurasa unaokurudisha mwanzo

Unaandika kila kitu sawasawa, unabofya, ukurasa unapepesa, na uko palepale. Au unaingia, unagusa kiungo cha kwanza, unaambiwa uingie tena. Kueleza sababu kunasaidia kuelewa dawa.

Seva ya tovuti haina kumbukumbu kati ya ukurasa mmoja na mwingine. Nywila ikikubaliwa, inakipa kivinjari kitambulisho kirefu cha herufi na namba, na kivinjari hukihifadhi kama kidakuzi, yaani kuki. Kila unapofungua ukurasa mwingine wa tovuti hiyo, kivinjari hukionyesha kitambulisho hicho. Kivinjari kikikataa kukihifadhi, au kikiendelea kuonyesha cha zamani kilichokwisha muda, seva inakuona mgeni na kukurudisha mlangoni. Nywila yako ilikubaliwa. Kilichopotea ni uthibitisho kwamba ilikubaliwa.

Kwa hiyo futa vidakuzi vya tovuti hiyo moja tu:

1. Fungua tovuti yenyewe, kisha gusa alama iliyo kushoto mwa anwani juu ya ukurasa.
2. Kwenye Chrome, ingia sehemu ya vidakuzi na data ya tovuti, ufute data ya tovuti hiyo. Kwenye Firefox, chagua kufuta vidakuzi na data ya tovuti. Kwenye iPhone njia ni Settings, Safari, Advanced, Website Data, na kuanzia iOS 18 Safari imewekwa ndani ya Apps.
3. Funga kichupo, fungua kipya, uandike anwani ya ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Usitumie alamisho ya ukurasa wa kuingia, kwani inaweza kuwa imebeba kitambulisho cha muda kilichokwisha.
4. Ingia.

Hatupendekezi kufuta data yote ya kivinjari, ingawa ndio ushauri unaotolewa kila mahali. Kufanya hivyo kunakutoa kwenye kila akaunti uliyokuwa umeingia. Usipokumbuka nywila za hizo nyingine, sasa una matatizo kumi. Na kama umebonyeza Ctrl+Shift+Delete, angalia kwa makini kisanduku cha nywila zilizohifadhiwa kisiwe na tiki.

Tatizo likibaki, tazama mipangilio ya faragha: ukizuia vidakuzi vyote, karibu hakuna tovuti utakayoweza kukaa ndani yake. Vizuia matangazo na viendelezi vya faragha vizime kwa tovuti hiyo, kimoja baada ya kingine. Kitufe cha kuingia kwa Google au Facebook kisipoitikia, huenda kivinjari kimezuia dirisha dogo linalotakiwa kufunguka. Alama ya kuzuia huonekana mwishoni mwa sehemu ya anwani. Na ukurasa wa kuingia ulioachwa wazi tangu asubuhi hupitwa na wakati, hivyo uonyeshe upya kabla ya kuandika.

Kiungo ulichokifungua ndani ya programu ya mitandao ya kijamii kinaweza kuwa kwenye kivinjari kidogo cha programu hiyo, chenye vidakuzi vyake peke yake. Google hairuhusu kuingia kupitia vivinjari vya ndani vya namna hiyo. Utaona kosa 403 lenye neno disallowed_useragent. Gusa nukta tatu na uchague kufungua kwenye kivinjari cha kawaida. Kwisha.

## Saa ya kifaa

Programu ya kuzalisha namba, kama Google Authenticator, haiwasiliani na tovuti unapoitazama. Programu na seva zina siri moja ya pamoja, na kila upande unaichanganya na saa ya sasa kupata namba ya tarakimu 6 inayobadilika kila sekunde 30. Saa ya simu yako ikitofautiana na ya seva kwa dakika mbili tatu, namba itakuwa halali kwa wakati usio huu, na itakataliwa kila mara hata ukiinakili bila kosa.

Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya tarehe na saa, uwashe saa ya kiotomatiki na ukanda wa saa wa kiotomatiki pia. Huo ukanda ndio mtego. Mtu huona saa imekosea, anairekebisha kwa mkono hadi ilingane na ya ukutani, lakini ukanda wa saa umebaki wa nchi nyingine. Machoni saa ni sahihi. Kwa hesabu za kompyuta, zinazotumia saa ya ulimwengu, iko nje kwa saa kadhaa. Kosa hilohilo huleta maonyo ya vyeti kwenye tovuti salama kabisa.

Ukiona namba imebakiza sekunde chache, isubiri inayofuata.

Simu za zamani zina jambo jingine. Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 hazikitambui cheti kikuu cha ISRG Root X1, kinachotumiwa na tovuti nyingi mno zilizopata vyeti vyake kutoka Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya tovuti bure. Hata saa ikiwa sahihi, onyo litabaki. Kama simu haina sasisho, tumia kifaa kipya zaidi kuingia.

## Namba ya uthibitisho isiyofika

Ukiomba kwa SMS, omba mara moja usubiri dakika tano. Kila unapoomba upya, namba ya awali kwa kawaida hubatilika, na SMS zinaweza kufika kwa mpangilio uliochanganyika. Ukiomba nne kwa haraka, unapokea nne, na ni moja tu iliyo hai, nawe hujui ipi. Huku ukisubiri, washa hali ya ndege kwa sekunde kumi kisha uizime, simu ijisajili upya kwenye mtandao. Tazama pia folda ya taka na orodha ya namba zilizozuiwa ndani ya programu ya ujumbe, na nafasi ya kuhifadhi kwenye simu. Tovuti nyingi huonyesha tarakimu mbili za mwisho za namba wanayoitumia. Zisome, huenda ni laini uliyoiacha zamani.

Simu ikipoteza mtandao ghafla na kwa muda mrefu, na wakati huohuo unapata barua za kubadilisha nywila ambazo hukuziomba, kuna uwezekano mtu amehamishia namba yako kwenye laini yake. Wasiliana na kampuni ya simu mara moja kwa kutumia simu nyingine.

Namba zinazotumwa kwa barua pepe hupotelea kwenye Taka (Spam), kwenye vichupo vya matangazo, au hazifiki kabisa kwa sababu kikasha kimejaa. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15 zinazogawanywa kati ya Gmail, Drive na Picha. Video za simu zikizijaza, barua mpya haziingii.

Kama umebadilisha simu na programu ya namba imebaki kwenye ya zamani, usiifute ile ya zamani hadi uhamishe kila akaunti. Simu ikiwa imepotea, tafuta namba za akiba ulizopewa siku ya kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Google hutoa 10, kila moja ina tarakimu 8 na hutumika mara moja tu. Ambaye bado anaweza kuingia leo azichapishe leo, aziweke mbali na simu.

Namba ya uthibitisho haisomwi kwa mtu yeyote kwa simu, hata akijitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja.

## Kubadilisha nywila kwa utaratibu

Sasa, kama majaribio yote yameelekeza huku:

1. Tumia kifaa na kivinjari ulichozoea kuingilia. Tovuti hupima hilo, na ombi linalotoka mahali pageni huchunguzwa zaidi.
2. Omba kiungo mara moja. Ujumbe wa "kama akaunti ipo, tumekutumia barua" hauna maana kwamba akaunti ipo. Ukisubiri robo saa, ukatazama Taka, na hakuna kitu, chukulia kwamba barua pepe hiyo siyo uliyojisajilia.
3. Fungua barua mpya kuliko zote. Viungo hivi huisha muda, hutumika mara moja, na kipya kwa kawaida huua cha zamani. Kwenye barua pepe za kazini, mfumo wa kukagua virusi unaweza kukibofya kiungo kabla yako na kukimaliza. Ukiambiwa kimeshatumika wakati ndiyo kwanza unakifungua, omba kitumwe kwenye anwani binafsi kama imesajiliwa, au tumia namba badala ya kiungo.
4. Weka nywila ndefu isiyotumika kwingine, ihifadhi kwenye mtunza nywila palepale, kabla ya kubofya kuthibitisha.
5. Toka, uingie upya kwa kuiandika, ili ujue imeshika.
6. Ibadilishe pia kwenye simu, kompyuta na programu za barua zilizokuwa na ya zamani.

Hatua ya sita ndiyo inayosahaulika. Simu au tableti ya zamani iliyo kabatini, ikiwa bado imewashwa, inaendelea kujaribu nywila ya zamani kila baada ya dakika chache. Seva inahesabu majaribio hayo kama uvamizi na kufunga akaunti tena, na wewe unaona akaunti inajifunga bila kuguswa.

Ukiwa umefungiwa kwa muda, subiri muda wote uliotajwa bila kugusa, kwa sababu kwenye tovuti nyingine kila jaribio huanzisha upya saa ya kusubiri.

## Dalili kwamba kuna mtu mwingine ndani

Nywila uliyo na hakika nayo haikubaliki popote, barua ya kurejesha akaunti inaenda kwenye anwani usiyoijua, au umepokea taarifa ya kuingia kutoka mahali ambapo hujafika. Anza na barua pepe, si na akaunti iliyovamiwa, kwa sababu kila kiungo cha kurejesha kinapitia huko. Badilisha nywila ya barua pepe, washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha kagua vichujio na mipangilio ya kusambaza barua: mvamizi hupenda kuacha kanuni inayotuma nakala kwake au kufuta barua za tovuti kabla hujaziona. Kwenye Gmail ya kompyuta, maelezo ya shughuli za mwisho yako chini kulia mwa kikasha. Ukimaliza hapo ndipo urejeshe akaunti nyingine, na ukishaingia chagua kuondoa vifaa vyote vilivyoingia. Tovuti ya haveibeenpwned.com, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, itakuonyesha kama barua pepe yako imo kwenye data iliyowahi kuvuja.

Akaunti isiyotumika kwa muda mrefu nayo inaweza kuwa haipo tena. Kwa mfano, sera ya Google inaruhusu kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka 2, na ufutaji huo ulianza Desemba 2023.

## Ukiwaandikia huduma kwa wateja

Barua inayosema "siwezi kuingia" huzaa maswali ya siku tatu. Taja barua pepe au jina la akaunti, tarehe na saa ya jaribio la mwisho pamoja na ukanda wako wa saa, maneno kamili ya ujumbe wa kosa na picha yake, kifaa na toleo la kivinjari, mtandao uliotumia, na majaribio uliyokwisha kufanya: dirisha fiche, mtandao mwingine, kifaa kingine, na matokeo ya kila moja. Mhudumu akiona hayo anaweza kwenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu za seva za dakika ile. Wakitaka uthibitisho kwamba akaunti ni yako, mwezi uliojisajili, risiti ya malipo ya mwisho na barua pepe ya awali husaidia sana.

Usiandike nywila, wala namba ya uthibitisho, wala namba nzima ya kadi ya benki. Kwenye picha ya skrini, funika chochote kati ya hivyo. Anwani ya kuwaandikia ichukue kwenye tovuti yenyewe, si kwenye matokeo ya utafutaji wala kwenye maoni ya mitandao ya kijamii, ambako matapeli huwasubiri watu walioandika hadharani kwamba wamefungiwa akaunti. Anayekufuata kwa ujumbe wa faragha na kukuahidi kuirudisha kwa malipo, usimjibu.